UZI: Rushwa ya makarani wa mahakama India. Kumnasa mtu ni rahisi, kumtia hatiani ndiyo kazi

Jalada la Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila rushwa ya mahakamani ikitajwa humu, mjadala unakimbilia kwa majaji na mahakimu. Leo naomba tushuke chini kidogo, mpaka kwenye meza ya karani. Nilisomea sheria India, mjini Pune, na hadi leo hukumu zao za rushwa nazifuatilia, maana ziko wazi mtandaoni kwa yeyote mwenye bando. Nazifuatilia pia kwa sababu zinaniuma. Anayetozwa kwenye meza ile mara nyingi ni mjane mwenye kesi ya kiwanja, au baba ambaye mwanawe yuko rumande, amri ya dhamana imeshasainiwa lakini karatasi haijafika gerezani.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Ingia mahakama ya wilaya yoyote kaskazini mwa India. Hakimu yuko juu, na chini yake pembeni kakaa mtu anayeitwa *peshkar*. Delhi na Punjab wengi humwita *reader*. Huyo ndiye anayemsogezea hakimu majalada, na mara nyingi ndiye anayeandika tarehe ijayo. Chumba cha nyuma yuko *ahlmad*, mtunza majalada. Kuna *nazir*, anayeshika fedha na kuwasimamia wapeleka samansi. Kuna bailifu wa kutekeleza amri za mahakama. Kuna idara ya nakala, na kuna tarishi anayeita majina mlangoni.

Hakuna hata mmoja kati yao mwenye mamlaka ya kuamua kesi, lakini wote wanashika kitu ambacho bila hicho kesi haiendi. Peshkar anashika tarehe: akitaka urudi baada ya wiki mbili utarudi, akitaka miezi minne itakuwa miezi minne. Ahlmad anashika jalada, na jalada linaweza "kutoonekana" asubuhi ya kesi likaonekana jioni. Mpeleka samansi anaweza kurudi na maelezo kwamba mlango ulikuwa umefungwa na mhusika hakupatikana, wakati alikunywa naye chai barazani. Mtu wa nakala anajua kwamba bila nakala ya hukumu iliyothibitishwa huwezi kukata rufaa, na siku za rufaa zinahesabiwa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalitazami. Wapo wanaolipa ili kesi iende, na wapo wanaolipa ili isiende. Mtu aliyekalia nyumba ya mwenzake bila kodi, kila kesi ikiahirishwa kwake ni faida. Kwa hiyo karani anaweza kula pande zote mbili za jalada lile lile.

Kwanini inawezekana? Kesi zilizolala kwenye mahakama za wilaya India ni zaidi ya milioni 40. Majaji ni kama 21 kwa kila watu milioni moja, wakati Tume ya Sheria ya nchi hiyo ilipendekeza tangu 1987 wafike 50. Hakimu ana orodha ndefu ya siku nzima, anasaini tu anachosogezewa. Hana muda wa kuuliza kwanini jalada hili limepewa Jumatatu ijayo na lile limepewa mwezi wa tisa. Upungufu huo ndio bidhaa yenyewe inayouzwa pale mezani. Kamati ya Santhanam, iliyoundwa 1962 kuchunguza rushwa serikalini, iliandika wazi juu ya fedha ya kuharakisha: mtu halipi ili apate kisicho haki yake, analipa ili haki yake itoke leo.

Nakuja na sehemu ya pili, jinsi wanavyowanasa.

---

Jalada la Pili

Sehemu ya pili: mtego.

Sheria kuu ni ile ya Kuzuia Rushwa ya 1988, iliyorekebishwa sana Julai 2018. Mtumishi wa umma akipokea, kifungu cha 7 kinampa kifungo kisichopungua miaka mitatu na kisichozidi saba. Karani wa mahakama ni mtumishi wa umma kama mwingine yeyote. Wanaochunguza ni CBI kwa upande wa serikali kuu, na kila jimbo lina chombo chake: Maharashtra, Gujarat na Rajasthan wana ofisi ya kupambana na rushwa inayoitwa ACB, namba ya kupiga ni 1064, Karnataka kazi hiyo iko kwa Lokayukta, taasisi ya jimbo ya kupambana na rushwa.

Tuseme umeombwa rupia elfu mbili ili jalada lako lionekane. Umekataa moyoni, ukaenda ACB. Hawakimbilii kumkamata mtu siku hiyo hiyo. Kwa kawaida wanakupa kinasa sauti kidogo, unarudi kwa karani kana kwamba unabembeleza bei, na maneno yake yanarekodiwa. Hatua hii ishikeni, nitairudia.

Siku ya mtego wanaitwa mashahidi wawili huru, aghalabu watumishi wa ofisi nyingine ya serikali wasiokujua wewe wala karani. Unatoa noti zako. Namba za noti zinaandikwa moja moja. Noti zinapakwa unga wa fenofthalini, mweupe na laini, mkono haushtuki ukiugusa. Shahidi mmoja anagusa noti, anachovya vidole kwenye glasi yenye maji ya kabonati ya sodiamu. Maji yalikuwa meupe kama ya kunywa, yanageuka pinki pale pale. Glasi inamwagwa, kila mtu ananawa, na unapewa maagizo: usimpe mkono karani, usitoe hela mpaka aombe mwenyewe, ukishatoa toa ishara fulani, labda kuvua kofia au kujikuna kichwa. Shahidi mmoja anaongozana nawe kama kivuli. Kazi yake ni kusikia na kuona.

Ishara ikitoka, timu inaingia. Wanamshika karani viganja vyote viwili asije akajifuta. Mkono wa kulia glasi yake, wa kushoto glasi yake, maana kuna anayepokea kwa mkono mmoja na kuhesabu kwa miwili. Mfuko wa suruali nao unageuzwa nje na kuoshwa. Maji yote yanatiwa kwenye chupa, yanafungwa lakiri, mashahidi wanasaini, yanakwenda maabara. Noti zinalinganishwa na namba zilizoandikwa asubuhi.

Nimesoma maelezo ya namna hii katika hukumu nyingi sana. Ukifika hapo unadhani kesi imekwisha.

---

Chuma cha Reli

Mkuu uzi umeshiba. Ila hapo umeniacha njia panda. Mikono imekuwa pinki, noti zimekutwa mfukoni na namba zinasoma vile vile. Wakili wa karani atabisha nini tena?

---

Jalada la Pili

Chuma cha Reli, anabisha mambo matatu na wakati mwingine anashinda. "Alinilipa deni." "Ilikuwa ada halali ya nakala." "Alinichomeka mfukoni, mimi sikuomba kitu."

Unga wa fenofthalini unathibitisha kwamba mkono uligusa noti. Hauthibitishi neno lililotoka mdomoni. Na Mahakama ya Juu ya India imeshikilia kwamba bila ushahidi kuwa mtumishi *aliomba* rushwa, hela kukutwa kwake peke yake haitoshi. Walisema hivyo katika kesi ya B. Jayaraj mwaka 2014. Mlalamikaji aligeuka kizimbani akasema hakuombwa kitu, mtuhumiwa akaachiwa. Mwaka 2015 wakarudia katika kesi ya Satyanarayana Murthy. Huyo mlalamikaji alifariki kabla ya kutoa ushahidi. Hakuna aliyesikia maombi isipokuwa marehemu, mtuhumiwa akaachiwa.

Sasa fikiria maana yake. Karani akijua kwamba kesi itachukua miaka kumi na zaidi, anachohitaji ni uvumilivu. Mlalamikaji ama atazeeka, ama atahama, ama atasogezewa kitu aseme hakumbuki, ama atakufa.

Kwa sababu hukumu za nyuma zilikuwa zinagongana, suala likapelekwa mbele ya jopo la majaji watano. Tarehe 15 Desemba 2022, katika kesi ya Neeraj Dutta, jopo likasema kifo au kugeuka kwa mlalamikaji hakuui kesi moja kwa moja. Maombi ya rushwa yanaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mashahidi wengine au wa mazingira. Watu wa kupambana na rushwa walishangilia sana, nami nilifurahi.

Lakini jopo lilijibu swali la sheria tu. Kesi yenyewe, iliyohusu mita ya umeme Delhi, ikarudi kwa majaji wa kawaida, na Machi 2023 mtuhumiwa akaachiwa. Mlalamikaji alikuwa ameshafariki, na shahidi kivuli hakuweza kuthibitisha kwamba alisikia rushwa ikiombwa. Mlango ulifunguliwa, ila ushahidi wa kupita mlangoni haukuwepo. Ndiyo maana nikasema shikeni ile hatua ya kinasa sauti. Pale ndipo kesi inaposhinda au kufa, kabla hata unga haujatoka kwenye kopo.

---

mamaShani

Samahani kaka, nauliza kama mwananchi wa kawaida tu. Huoni sheria hiyo inawalinda wezi? Mtu kakutwa na hela mfukoni jamani.

---

Jalada la Pili

Dada mamaShani, swali lako limenisumbua mimi mwenyewe, na nitakujibu kwa watu wawili, wote makarani wadogo ingawa si wa mahakama.

Wa kwanza ni wa Raipur, shirika la usafiri wa mabasi. Mwaka 1986 alikamatwa kwa rupia 100. Maelezo yake tangu siku ya kwanza: mfanyakazi mwenzake alitaka amshughulikie malimbikizo ya malipo, akakataa kwa kuwa hakuwa na mamlaka, yule akarudi akamchomeka noti mfukoni, na timu ya mtego ikatokea. Alisimamishwa kazi, akawa analipwa nusu mshahara, na 2004 akatiwa hatiani kifungo cha mwaka mmoja. Akakata rufaa. Mahakama Kuu ya Chhattisgarh ilimsafisha Septemba 2025. Miaka 39. Mzee amepita miaka 80.

Wa pili ni wa Lucknow, karani wa reli. Mwaka 1991 alinaswa akipokea rupia 100 kutoka kwa dereva mstaafu wa treni aliyekuwa akifuatilia mafao yake. Hukumu imetoka Februari 2023, karani ana miaka 82. Akaomba ahurumiwe kwa uzee. Hakimu wa mahakama maalumu akakataa, akampa mwaka mmoja.

Ukiondoa sharti la kuthibitisha maombi, yule wa Raipur asingepona kabisa. Yeyote mwenye chuki na karani angemtumbukizia noti yenye unga, basi. Kwa hiyo mimi sharti lile nalitetea. Nisichokitetea ni ile miaka 32 na miaka 39. Mwizi anaachiwa kwa sababu shahidi kafa, na asiye mwizi anazeeka akiitwa mwizi. Ucheleweshaji ule ule anaouuza karani mezani ndio unaoharibu kesi ya kumshtaki karani.

Na sheria yenyewe inasema vizuri. Marekebisho ya 2018 yanataka kesi hizi zisikilizwe siku hadi siku na zijitahidi kwisha ndani ya miaka miwili. Ikishindikana hakimu aandike sababu, na kwa kawaida jumla isizidi miaka minne.

---

Mkwawa Jr

Jalada la Pili nakuheshimu, ila naona mnahangaika na dagaa. Karani wa rupia mia ndiye adui? Mapapa wako juu kwenye viti vyao. Karani akipokea elfu mbili huenda elfu inapanda ghorofani. Mkimfunga huyo atawekwa mwingine kesho asubuhi.

---

Jalada la Pili

Mkwawa Jr, nakubaliana nawe nusu.

Nusu ninayokubali: Januari 2004, mwandishi wa televisheni ya Zee, Vijay Shekhar, alionyesha kwamba kwa rupia 40,000, kupitia mawakili, alipata hati za kukamatwa kutoka mahakama ya hakimu huko Meghaninagar, Ahmedabad. Waliotajwa kwenye hati ni Rais wa India wakati huo, A.P.J. Abdul Kalam, Jaji Mkuu V.N. Khare, jaji mwingine wa Mahakama ya Juu, na wakili mkuu mmoja. Malalamiko yalikuwa ya kubuni na hakuna aliyesoma majina. Hakimu akasimamishwa kazi. Hapo huwezi kusema ni dagaa.

Na kuna Patna. Novemba 2017 televisheni ya Republic ilirusha picha za siri za watumishi wa Mahakama ya Kiraia ya Patna wakipokea hela. Muda ukapita. Agosti 2019 Jaji Rakesh Kumar wa Mahakama Kuu ya Patna akaandika amri kali sana. Alihoji kwanini watumishi walioonekana kwenye picha hawajafunguliwa hata jalada la jinai, akawanyooshea kidole majaji wenzake, akaagiza CBI wachunguze. Kesho yake majaji 11 wa mahakama hiyo wakakaa pamoja na kuisimamisha amri yake, naye akaondolewa kazi za kusikiliza kesi. Baadaye alihamishiwa Andhra Pradesh. Mapema 2020 watumishi 16 waliohusishwa na picha zile wakafukuzwa kazi kwa njia ya nidhamu.

Soma hilo la Patna mara mbili. Picha zipo, nchi nzima imeona, na imechukua zaidi ya miaka miwili kufika kwenye kufukuza kazi. Makarani wa mahakama za wilaya India wako chini ya jaji wa wilaya, na mahakama hizo zote ziko chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu kwa ibara ya 235 ya Katiba. Ibara hiyo imewekwa kwa nia njema, serikali isiingilie mahakama. Lakini matokeo yake ni kwamba familia inajihukumu yenyewe. Kumshtaki mtumishi kunahitaji kibali cha mwenye mamlaka ya kumfukuza kazi, kifungu cha 19 cha ile Sheria ya Kuzuia Rushwa, na kwa karani wa wilaya kibali hicho kinaombwa ndani ya nyumba ile ile. Kesi nayo inasikilizwa na jaji maalumu mwenye ngazi ya mahakama ya juu ya wilaya, huenda jengo moja na alikofanyia kazi mshtakiwa. Mashahidi ni mawakili watakaorudi Jumatatu kumwomba karani mwingine tarehe. Nani atasema?

Nusu nisiyokubali ni hiyo ya kumwita karani dagaa. Kwa mtu wa kijijini aliyepanda basi alfajiri, huyo karani *ndiye* mahakama. Jaji hajawahi kuongea naye. Akirudi nyumbani akisema mahakama inakula, anamzungumzia mtu aliyemwona kwa macho, na huyo ni peshkar. Kuna mahakimu wasafi kabisa ambao majina yao yanachafuliwa kila siku na meza iliyo hatua moja mbele yao. Tena wanachafuliwa bila kujua, kwa sababu karani anachukua hela akisema ni ya bosi.

---

Bi Tumu wa Makadara

Assalam aleikum mwanangu. Nimesoma yote taratibu. Mie nina swali la kizamani. Enzi hizi watu wanatumiana pesa kwa simu, hata machungwa nanunua kwa simu. Huo unga utashika nini?

---

Jalada la Pili

Waaleikum salaam Bi Tumu, shikamoo. Swali lako si la kizamani hata kidogo.

Mwishoni mwa 2022, Mahakama Kuu ya Allahabad, moja ya mahakama kubwa kabisa India, ilimsimamisha kazi tarishi wake mmoja, mbeba majalada. Alikuwa amejifunga kiunoni, juu ya sare ya mahakama, kibandiko cha QR cha Paytm, mtandao wa kulipia kwa simu. Wakili akitaka "kumkumbuka" anatoa simu, anapiga picha kibandiko, pesa imeingia. Picha ilisambaa mitandaoni, jaji mmoja akamwandikia Jaji Mkuu wa mahakama hiyo, Rajesh Bindal, na tarishi huyo akasimamishwa. Kilichonisikitisha ni uwazi wake. Mtu hawezi kutembea na kibandiko ndani ya mahakama kama mazingira hayajamwambia kwamba ni kawaida. Mawakili walikuwa wakimlipa mbele ya kila mtu, nao ni maofisa wa mahakama pia.

Kwa ushahidi, malipo ya simu yana faida yake: muamala una jina, tarehe na saa. Lakini makarani wengi hawapokei kwenye namba zao. Inatumwa kwa muuza chai wa pale nje, au kwa shemeji. Halafu swali la zamani linarudi: nani aliomba, na aliomba ili afanye nini?

---

Chuma cha Reli

Na anayetoa je? Huku kwetu TAKUKURU wanasema mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Wao wamekaaje?

---

Jalada la Pili

Kabla ya 2018 mtoaji aliyekiri mahakamani kwamba alitoa alikuwa na kinga fulani. Kifungu hicho kimefutwa. Sasa mtoaji naye anaweza kufungwa hadi miaka saba. Kuna njia mbili za kujinusuru. Kama ulilazimishwa, toa taarifa kwa polisi au chombo cha uchunguzi ndani ya siku saba tangu utoe. Au toa taarifa kwanza, kisha utoe hela kama sehemu ya mtego.

Mimi hizo siku saba naziona chache mno kwa mtu maskini. Mtu aliyelipa ili mwanawe atoke rumande hawezi kwenda kushtaki wiki hiyo hiyo wakati kesi ya mwanawe bado iko mikononi mwa karani yule yule. Atasubiri kesi iishe. Ikiisha, siku saba zimepita, na akifungua mdomo anajishtaki. Waliotunga walitaka kuwabana matajiri wanaonunua watumishi, na hilo ni sawa, lakini wamewanyamazisha wanaokamuliwa.

Kwa faida ya wasomaji wetu: sheria ya ushahidi ya India ya 1872, ambayo kesi hizi zilijengwa juu yake miaka yote, ndiyo iliyotumika Tanganyika mpaka tulipopata yetu ya 1967. Kwa hiyo mawakili wa hapa wakisoma hukumu za India za mtego hawasomi mambo ya kigeni, misingi ni ya ukoo mmoja. Wao wenyewe waliiacha tarehe 1 Julai 2024 walipoleta sheria mpya. Zile za mwenendo wa jinai sasa zinataka upekuzi na ukamataji wa vielelezo urekodiwe kwa picha na sauti. Kwa kesi za mtego hilo ni jambo kubwa, kwa sababu nusu ya ubishi wa mawakili ulikuwa juu ya nani alishika mkono upi na chupa ipi ilifungwa saa ngapi.

---

Mkwawa Jr

Sawa mkuu, hapo kwenye "karani ndiye mahakama" umenishika. Sasa dawa iko wapi? Maana naona kote ni kuta.

---

Jalada la Pili

Dawa iliyofanya kazi kwa kiasi ni kumpokonya karani kile anachokiuza. Mradi wao wa mahakama mtandao ulianza 2007, na 2023 serikali ilipitisha awamu ya tatu kwa rupia bilioni 72.1. Kila kesi sasa ina namba yake ya tarakimu 16. Mtu akiingiza namba hiyo kwenye simu anaona tarehe ijayo, hatua iliyofikiwa na amri zilizotolewa, bila kumwamkia mtu. Karani aliyekuwa akitoza ili akuambie tu kesi yako ni lini, biashara hiyo imemfia mkononi.

Lakini tarehe *kuonekana* na tarehe *kupangwa* ni mambo mawili. Maadamu bado kuna mkono wa mtu unaochagua wiki mbili au miezi minne, bei itabaki. Na samansi inayopelekwa kwa miguu mpaka kijijini bado inategemea uaminifu wa aliyeibeba.

Mishahara? Karani wa mahakama India ana ajira ya kudumu na pensheni, na nafasi moja ikitangazwa vijana wanaiomba kwa maelfu. Umaskini wa karani hauelezi jambo hili. Linaelezwa na foleni ndefu, na kwamba anayesimama mwanzo wa foleni haulizwi na mtu.

---

mamaShani

Kaka nashukuru sana, nimeelewa mpaka mwisho. La mwisho kabisa: nina mdogo wangu yuko kule Pune masomoni, kuna kesi ya mwenye nyumba imemkuta, amana yake imezuiwa. Amesema kuna mtu wa mahakama amemwambia "tutaongea pembeni". Afanye nini? Naogopa ni mgeni, wasije wakamgeuzia.

---

Jalada la Pili

Dada, mwambie yafuatayo, na awe mtulivu.

Asitoe hata rupia moja kwanza. Akishatoa, saa ya siku saba inaanza kumhesabia.

Asimtajie yule mtu kiasi chochote na asimuulize "unataka shilingi ngapi". Amwachie aseme mwenyewe, kwa maneno yake, anataka nini na atafanya nini. Mdogo wako akilitaja yeye, wakili atasema yeye ndiye aliyeshawishi.

Aandike siku hiyo hiyo, kwenye daftari, tarehe, saa, mahali, nani mwingine alikuwepo. Awe na mtu wa pili anayeweza kusema alisikia.

Atafute wakili wake mwenyewe wa pale, asiwe yule anayezunguka korido akijitolea kusaidia, maana hao wengine ndio madaraja. Kwa kuwa Pune iko jimbo la Maharashtra, apige 1064 au aende ofisi ya ACB ya Pune yeye na huyo wakili. Wakiona inafaa watampa kinasa sauti chao, ambacho ni bora kuliko simu yake.

Ikitokea amerekodi kwa simu yake mwenyewe kabla ya hapo, asiikate wala kuihariri rekodi, asiitume WhatsApp kisha akafuta ya mwanzo. Mahakama ya Juu ilisema 2020 kwamba rekodi ya kielektroniki lazima iambatane na cheti cha kuithibitisha, isipokuwa kifaa chenyewe cha asili kiletwe mbele ya mahakama. Kwa hiyo simu hiyo asiiuze, asiiflashi, asimpe rafiki, mpaka kesi iishe na muda wa rufaa upite.